Jicho la Angani na Sikio la Chini: Kumbukumbu za Warubani wa Vita, kutoka Kisaki hadi Vita vya Siri

Kumbukumbu za warubani wa vita ni fungu la maandishi ambalo wahakiki wa Kiswahili hawajalishughulikia sana. Aghalabu huachiwa wanahistoria wa kijeshi, nao huzisoma kwa kutafuta tarehe, majina ya vikosi na aina za mitambo. Walakini sehemu kubwa ya ardhi iliyotazamwa na warubani hao ni ardhi ambayo watu wake husema Kiswahili, au ni jirani yake. Na baadhi ya vita hivyo vilipiganwa kwa siri, yaani serikali zilizovianzisha hazikutaka raia wao wavijue. Kwa hiyo lipo swali linalomhusu mhakiki wa lugha kuliko mwanahistoria: siri hiyo ilikuwa siri kwa nani? Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Aliyelala shambani kwake akaamshwa na mngurumo juu ya paa hakuambiwa siri yo yote. Yeye ndiye kata. Vitabu vya warubani hufichua siri moja, ile ya majeshi na amri zao, na kwa hilo vinastahili shukrani. Siri ya pili, ya nani alikuwa chini na alisema nini, huiacha pale pale ilipokuwa. Inafaa kuchunguza kwa nini.

Mahali pazuri pa kuanzia uchunguzi huo ni Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, katika bonde ambalo mto Mgeta hupita ukielekea kuungana na Ruvu. Siku hizi msafiri hupajua kwa stesheni ya reli ya TAZARA na kwa njia iendayo kwenye hifadhi ya wanyama. Katika vita vya 1914 hadi 1918 palikuwa mahali pa kugombewa. Majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, yakazunguka milima pande zote mbili, na mwanzoni mwa Septemba vikosi vyake vya farasi viliishambulia Kisaki kwa nyakati mbalimbali vikarudishwa nyuma na askari wa Lettow-Vorbeck. Baada ya siku chache Wajerumani waliuacha mji wakashika kingo za Mgeta, na hapo pande mbili zikatazamana hadi mwanzo wa Januari 1917.

Juu ya mstari huo wa Mgeta ziliruka ndege za kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichofika Afrika Mashariki mwanzoni mwa 1916. Mmoja wa watu wake alikuwa Leo Walmsley. Yeye hakushika usukani. Alikuwa mtazamaji, aliyeketi katika ndege pamoja na rubani ili aone, aandike na kuchora. Alianguka na ndege mara nyingi, akatunukiwa nishani ya Military Cross, na mwaka 1920 akatoa kitabu kiitwacho Flying and Sport in East Africa. Ramani za wakati ule zilikuwa na mapengo, injini zilishindwa na joto, na mahali pa kutua palikuwa uwanja uliofyekwa juzi. Mtu aliyeingia katika chombo cha miti na turubai ili kupita juu ya pori la Mgeta alikuwa shujaa, na msomaji ye yote mwenye haki atalikiri jambo hilo kwanza.

Jina la kitabu lenyewe lataka kuhakikiwa. Limeunganisha mambo mawili, kuruka na kuwinda, kana kwamba ni burudani mbili za msimu mmoja. Muungano huo haukuwa wa bahati. Vitabu vingi vya Wazungu juu ya Afrika Mashariki kabla ya vita vilikuwa vitabu vya uwindaji, na msomaji wa Uingereza alikuwa amekwisha kuzoea kuiona nchi hii kama mbuga yenye wanyama, milima na hatari. Mtazamaji wa angani alipotaka kuwaeleza wasomaji hao vita, alichukua chombo cha maneno kilichokuwa tayari mkononi. Lettow-Vorbeck alifanya vivyo hivyo katika mwaka huo huo wa 1920, alipokiita kitabu chake cha wasomaji vijana Heia Safari. Neno la Kiswahili likawekwa juu ya jalada la Kijerumani ili litoe harufu ya pori, lakini maana yake ya njia ndefu, mzigo begani na njaa ikapunguzwa ikabaki maana ya matembezi.

Kilichopotea katika majina hayo mawili ni mpagazi. Kutoka reli ya kati hadi Mgeta hapakuwa na njia ya kutegemea magari wakati wa mvua, na ndorobo waliua farasi na nyumbu. Chakula na risasi vilikwenda kwa vichwa vya watu. Waingereza waliwaita Carrier Corps, na ulimi wa Mswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo, mtaa ambao leo kila mtu wa Dar es Salaam anaujua kwa soko lake na wachache wanaukumbuka kwa wafu wake. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa njaa, kuhara, homa na uchovu, walikaribia laki moja au walizidi. Mtazamaji wa angani aliweza kuripoti mstari wa watu njiani. Hakuweza kuripoti kwamba mstari ule ulikuwa unapungua.

Hapo yafaa kuiuliza lugha yenyewe, maana Kiswahili kiliandika kumbukumbu zake bila kalamu. Neno ndege lilikuwapo zamani kabla ya injini, nalo lilikuwa na maana mbili: kiumbe arukaye, na dalili ya jambo lijalo, njema au mbaya. Msafiri wa zamani aliyekutana na ndege mbaya alirudi nyumbani. Chombo cha Wazungu kilipotokea angani, watu wengine walikiita eropleni kwa kufuata Kiingereza, lakini jina lililoshinda ni ndege. Ushindi huo ulikuja na mabadiliko ya sarufi. Kiumbe ni ndege huyu, ameruka. Chombo ni ndege hii, imeruka. Neno ni moja, lakini upatanisho umeondoa uhai. Ndani ya chombo yumo mtu, pengine wawili, na sarufi haiwahesabu. Mtu wa Mgeta aliyetazama juu hakumwona Walmsley, aliona kitu. Kwa hiyo upofu ulikuwa wa pande mbili, na haki yataka hilo lisemwe. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulikuwa na bomu, na baadaye ukawa na mchapishaji.

Neno rubani lina funzo kubwa zaidi. Baharini rubani si nahodha. Rubani ni yule ajuaye miamba, mikondo na milango ya bandari, na thamani yake ni kwamba yeye ni mwenyeji wa maji yale au ameishi nayo miaka mingi. Nahodha mgeni humsikiliza kwa kuwa hana budi. Neno hilo lilipopandishwa angani lilibeba nusu tu ya mzigo wake. Rubani wa angani anajua chombo. Si lazima ajue mahali. Anaweza kupita juu ya Kisaki mara mia bila kujua jina la kijiji kimoja kama wenyewe wanavyolitamka. Mhakiki anayetaka kipimo cha kitabu cha rubani hana haja ya kukitafuta mbali: kipimo kimo katika neno. Mwandishi huyu ni rubani kwa maana ya pwani, au kwa maana ya angani tu?

Ushairi wa Kiswahili una kipimo kingine, kilichokuwapo kabla ya ndege. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, uliohaririwa na J. W. T. Allen. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga juu ya Maji Maji ya 1905, na utenzi wake ulitolewa mwaka 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa tafsiri ya W. H. Whiteley. Watunzi hao wana upande wao, wala hawafichi. Lakini desturi ya utenzi wa vita, tangu Tambuka wa mwaka 1728, ni kumpa adui kinywa. Barua hupelekwa na hujibiwa; majemadari husemezana kabla ya kupigana; hata atakayeshindwa hupewa beti za kueleza hoja yake. Adui asiyesema hawi adui kamili katika sanaa hiyo, kwa sababu ushindi juu ya bubu hauna sifa. Kumbukumbu za angani zikiwekwa kando ya desturi hiyo, upungufu wake huonekana mara moja: zina macho makali, nazo hazina sikio.

Mtetezi wa vitabu hivyo atajibu kwamba kosa ni la urefu. Aliye juu futi elfu kadhaa atamsikiaje aliye chini? Jibu hilo lina nguvu kwa habari za 1916. Kulipima, yapasa kusoma kumbukumbu za chombo kisichopanda juu sana, kiwezacho kusimama angani juu ya mti mmoja na kutua katika uwanja wa shule. Chombo hicho ni helikopta, ambayo watu wa mitaani huiita chopa. Na njia ya kutoka Kisaki hadi vitabu vya helikopta ni fupi, maana inapita kwenye kaburi moja.

Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, kusini mwa Kisaki, Kapteni Frederick Selous aliuawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 65. Alikuwa mwindaji mashuhuri, na mwaka 1890 ndiye aliyekiongoza kikosi cha Cecil Rhodes kuingia Mashona. Alizikwa pale pale. Jina lake likapewa pori la akiba mwaka 1922, na katika miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale walihamishwa ili nchi iachiwe wanyama, kwa sababu zilizotajwa za malale na uhifadhi. Sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Jina hilo hilo lilikwenda kusini pia. Mwaka 1973 serikali ya walowezi wa Rhodesia iliunda kikosi cha kificho, ikakiita Selous Scouts. Kazi yake ilikuwa kujigeuza sura ya wapigania uhuru na kuingia katika nchi jirani. Kamanda wake, Ron Reid-Daly, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1982 kwa msaada wa Peter Stiff, na maneno ya vita vya siri kuu yakaandikwa katika jina la kitabu. Ni kitabu cha kufichua, nacho kinafichua mengi. Lakini neno siri pale limekuwa bidhaa. Waliovamiwa Msumbiji hawakuhitaji kukinunua.

Kati ya kumbukumbu za warubani wa vita hivyo, kilicho kipana ni Winds of Destruction cha Peter Petter-Bowyer, kilichotoka mwaka 2003. Petter-Bowyer alirusha helikopta za Alouette tangu siku za mwanzo za vita, na baadaye akashughulika na kubuni silaha za angani. Kitabu chake ni cha fundi. Aelezapo chombo, mafuta, uzito, hewa ya mchana inavyopungua nguvu chini ya mapanga ya helikopta, lugha yake ni safi na msomaji hujifunza. Humo pia msomaji huona namna vita vilivyoendeshwa: tangu 1974 helikopta moja yenye mzinga mdogo ilizunguka juu, kamanda akiwa ndani, na nyingine zikashusha askari wanne wanne kuzingira waliokuwa chini. Tarehe 23 Novemba 1977 majeshi ya Rhodesia yalivamia kambi za ZANU huko Chimoio, ndani ya Msumbiji, kwa ndege, helikopta na askari wa miavuli, na waliouawa walizidi elfu moja, wakiwamo wanawake na watoto.

Helikopta hairuki juu kama wingu. Kutoka humo uso wa mtu huonekana, na nguo zake, na kama amebeba bunduki au mzigo wa kuni. Basi kama urefu ndio uliomziba masikio Walmsley, vitabu vya helikopta vingalipasa kuwa na sauti za waliokuwa chini. Hazimo, isipokuwa za mateka waliohojiwa. Maneno yajazayo chombo ni ya redio, na redio ni mazungumzo ya watu wa upande mmoja kwa lugha moja. Waliokuwa chini walikuwa na jina moja tu katika lugha ile, magaidi, na jina hilo halikubadilika kwa sababu ya ukaribu. Wakati huo huo Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikiwaita wapigania uhuru. Anayesoma kitabu kimoja tu hawezi kujua kwamba palikuwa na ubishi juu ya neno. Kwa hiyo hoja ya urefu imeanguka. Jicho lilishuka karibu na ardhi, sikio likabaki limezibwa.

Ushahidi wa pili unatoka kwa Walmsley mwenyewe. Mtu yule aliyepita juu ya Mgeta alirudi kwao, pwani ya Yorkshire, na mwaka 1932 akatoa riwaya iitwayo Three Fevers, juu ya wavuvi wa kijiji alichokulia. Riwaya hiyo inasifiwa hasa kwa usemi wa wavuvi: lafudhi yao, mizaha yao, ugomvi wa nyumba mbili juu ya mitego ya kamba, yote yanasikika. Mwandishi yule basi alikuwa na sikio, tena sikio zuri. Alilolikosa Kisaki halikuwa kipaji. Lilikuwa ni kukaa na watu na kuijua lugha yao.

Kongo ya mashariki inatoa mfano wa kinyume, nao si wa kusifiwa wote. Mwaka 1964 na 1965 idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, iliendesha pale jeshi la anga la kificho dhidi ya waasi walioitwa Simba. Marubani wengi walikuwa Wakyuba waliomkimbia Castro, wakirusha ndege za T-28 na B-26. Chini yao, kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, walikuwapo Wakyuba wengine, waliovuka ziwa kutoka Kigoma wakiongozwa na Ernesto Guevara. Hivyo Wakyuba walipigana na Wakyuba juu ya milima ya Fizi, na raia wa Marekani na wa Kyuba hawakuambiwa. Wale wa chini walijificha kwa Kiswahili: Víctor Dreke akaitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Guevara mwenyewe akaitwa Tatu. Kumbukumbu zake, alizoziandika Dar es Salaam katika ubalozi wa Kyuba, zilitolewa kamili mwaka 1999. Zina ukali juu ya nafsi yake na juu ya wenzake, nazo husikiliza zaidi ya kitabu cho chote cha angani. Lakini hesabu ya moja, mbili, tatu ni Kiswahili cha mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Lugha imekuwa kificho kabla ya kuwa njia ya kuelewana, na mwandishi anaungama mara kwa mara kwamba kuelewana huko kulimshinda. Kukaa chini, basi, hakutoshi. Sikio hufunguliwa na lugha.

Mambo haya yana uzito nje ya vitabu. Kaburi la Selous lina jiwe lenye jina, na watalii hupelekwa kuliona. Wapagazi waliokufa katika bonde lile lile, na katika njia zote za kuliendea, hawana jiwe. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini mtu aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Jina la mtu haliwezi kupatikana katika ripoti ya angani. Hupatikana kwa wajukuu wake, katika majina ya ukoo, katika majina ya vijito na vituo, katika masimulizi yanayoanza na babu aliyechukuliwa asirudi.

Kazi ya mhakiki wa Kiswahili, kwa hiyo, si kuvitupa vitabu vya warubani. Bila hivyo, siri nyingi za serikali zingalikuwa siri mpaka leo. Kazi ni kuvihariri upya kama matini yasiyokamilika: kila mahali ambapo mtazamaji ameandika pori, kuwe na tanbihi yenye jina la kijiji, kila mahali ambapo ameandika mstari wa watu, kuwe na neno Kariakoo na maelezo yake, na kila mahali ambapo ameandika adui, kuwe na jina ambalo adui huyo alijiita. Tanbihi hizo haziwezi kuandikwa London wala Harare. Za Mgeta zitaandikwa na ajuaye kuuliza kwa adabu katika vibaraza vya Kisaki, Dutumi na Tulo, naye atakuwa rubani kwa maana ya kwanza ya neno hilo.